Watawa na Nyumba za Watoto Yatima

1. Mtawa ni nani?

Katika Kanisa Katoliki wako watu wanaoacha mali na ndoa ili wamtumikie Mungu na wenzao siku zote. Watu hao huitwa watawa. Wanawake huitwa masista. Wanaume huitwa mabruda, na wengine wao ni mapadri. Mtawa huweka nadhiri tatu: ufukara, usafi na utii. Kwa ufukara hana mali yake mwenyewe. Kwa usafi haoi wala haolewi. Kwa utii huenda anakotumwa na mkubwa wake.

Watawa huishi pamoja katika shirika lenye kanuni. Shirika halifi anapokufa mtu mmoja. Sista akiugua, mwenzake hushika kazi yake. Bruda akizeeka, kijana huja mahali pake. Ndiyo sababu tangu zamani mashirika yalifaa sana kwa kazi ya kulea watoto wasio na wazazi. Mtoto mchanga anahitaji mlezi usiku na mchana, leo na kesho, mpaka atakapoweza kujitegemea. Mtu mmoja mwenye huruma aweza kuchoka au kufa njiani. Shirika laweza kuendelea.

Lakini nguvu ya namna hii yaweza kutumiwa vema, tena yaweza kutumiwa vibaya. Somo hili laeleza yote mawili.

2. Watoto walioachwa mjini Paris

Zamani, karibu miaka 400 iliyopita, mji wa Paris katika nchi ya Ufaransa ulikuwa na maskini wengi sana. Vita na njaa viliwafukuza watu vijijini. Mama aliyekosa chakula, au msichana aliyezaa bila ndoa na kuogopa aibu, mara nyingine alimvingirisha mtoto wake nguo akamweka usiku mlangoni mwa kanisa au kando ya njia. Kwa hesabu ya siku zile, watoto walioachwa hivyo kwa mwaka mmoja walikuwa karibu wengi kama siku za mwaka.

Walipookotwa walipelekwa katika nyumba iliyoitwa La Couche, karibu na kanisa kuu la Notre-Dame. Humo alikaa mjane mmoja pamoja na watumishi wawili. Wanawake watatu wangewezaje kunyonyesha, kuosha na kubembeleza kundi zima la watoto wachanga? Fedha nazo zilikuwa kidogo. Watoto walipolia sana walipewa dawa ya usingizi, na wengine hawakuamka tena. Wengine waliuzwa kwa waombaji, nao waliwabeba njiani ili wapita njia wawahurumie. Bei ya mtoto ilikuwa sou 8, fedha kidogo sana. Karibu watoto wote walikufa.

Watu wa mji walipita mbele ya nyumba ile kila siku. Walisema mioyoni mwao: «Watoto wana mahali pao.» Kumbe mahali pale palikuwa kama kaburi. Nyumba yenye mlango na jina zuri si lazima iwe nyumba njema. Sharti mtu aingie ndani atazame.

3. Padri Vincent na mjane Louise

Aliyeingia kutazama ni Padri Vincent de Paul. Alizaliwa mwaka 1581 katika kijiji cha Pouy, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mkulima, na Vincent alipokuwa mtoto alichunga wanyama. Alipata upadri mwaka 1600. Mwaka 1625 akaanzisha shirika la mapadri wa kuwafundisha dini watu wa vijijini. Mapadri hao huitwa Walazaristi.

Pamoja naye alifanya kazi mjane mmoja, Louise de Marillac. Alizaliwa mwaka 1591. Louise hakumjua mama yake mzazi, tena baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Kwa hiyo alijua uchungu wa yatima bila kuelezwa na mtu. Mume wake alikufa mwaka 1625, akamwacha na mtoto mmoja wa kiume.

Msichana wa kwanza aliyewasaidia alikuwa mchunga ng'ombe, jina lake Marguerite Naseau, wa kijiji cha Suresnes. Hakuwa na shule. Alipata kitabu cha alfabeti, akawa anawauliza wapita njia, leo herufi hii, kesho ile. Hivyo akajua kusoma, kisha akawafundisha wasichana wengine. Alikwenda Paris kuwauguza maskini. Mwaka 1633 alimlaza kitandani mwake mwanamke mgonjwa wa tauni. Naye akaambukizwa, akafa.

Mwaka ule ule, tarehe 29 Novemba 1633, Louise aliwakusanya nyumbani mwake wasichana wachache wa vijijini. Huo ulikuwa mwanzo wa shirika la Mabinti wa Upendo.

4. Masista wanaotembea njiani

Siku zile masista karibu wote walikaa ndani ya kuta za monasteri, wala hawakutoka mpaka kufa. Walisali vizuri, lakini hawakuweza kwenda kwa mgonjwa wala kumwokota mtoto mlangoni mwa kanisa. Vincent na Louise walitaka masista wa namna nyingine. Wakae katika nyumba ya kawaida, wasali katika kanisa la parokia, wapite katika njia za mji na kapu la chakula mkononi. Mavazi yao yalikuwa kanzu ya kijivu, kama ya wanawake wa mashamba. Wa kwanza waliweka nadhiri mwaka 1642. Mpaka leo Mabinti wa Upendo huweka nadhiri zao kwa mwaka mmoja mmoja, na kuzirudia kila mwaka.

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lililofungua njia. Bila ruhusa ya kutoka nje, masista wasingeweza kulea watoto wa mji mzima.

5. Kazi inaanza

Mwaka 1638 Vincent aliwaomba mabibi matajiri wa Paris, waliokuwa na chama cha kuwasaidia maskini, watoe fedha kwa ajili ya watoto wa La Couche. Mabibi waliogopa gharama. Wakaanza na watoto kama 12 tu. Kwa kuwa hawakuweza kuwachukua wote, walipiga kura ili wajue ni nani watakaochukuliwa. Wale ambao kura haikuwaangukia waliachwa pale pale.

Kura ile iliwachoma mioyo. Mwaka 1640 wakakubali kuwapokea watoto wote.

Kazi ilifanywa hivi. Mtoto mchanga alikabidhiwa kwa mama mnyonyeshaji, mara nyingi kijijini, ambako hewa ni nzuri. Mama huyo alilipwa fedha kila mwezi. Lakini Vincent na Louise walijua hatari: mtu anayelipwa kwa ajili ya mtoto aweza kupokea fedha na kumnyima mtoto maziwa. Kwa hiyo watu walitumwa kwenda vijijini kutazama kwa macho yao. Je, mtoto ananenepa? Analala mahali pakavu? Mtoto aliyeachishwa maziwa alirudishwa kwa masista. Hapo alijifunza kusali, kusoma na kazi ya mikono. Alipokua alipelekwa kwa fundi au kwa watu wema, aanze maisha yake.

Picha nyingi zinamwonyesha Mtakatifu Vincent amembeba mtoto mchanga chini ya joho lake usiku. Picha hizo ni nzuri. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuhesabu fedha, kuandika barua, kugonga milango ya wakubwa na kutafuta nyumba. Upendo usio na hesabu hauwezi kuwalisha watoto 300.

6. Shauri gumu

Mfalme Louis XIII alitoa livre 4,000 kwa mwaka, kuanzia mwaka 1642. Mwaka 1644 malkia Anne aliongeza livre 8,000 kwa mwaka. Hata hivyo kazi ilihitaji karibu livre 40,000 kila mwaka. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mkate ukawa ghali. Mwaka 1647 watoto walihamishiwa katika ngome ya zamani iliyoitwa Bicêtre, nje ya mji. Louise hakuipenda ngome ile. Ilikuwa kubwa mno na yenye baridi, haikujengwa kwa ajili ya watoto. Maneno yake yalikuwa kweli: wengi walikufa, na baadaye watoto wakarudishwa Paris.

Katika miaka hiyo mabibi walikutana ili wakate shauri: waendelee au waache? Walikuwa wamechoka, na mifuko yao ilikuwa mitupu. Vincent hakuwagombeza. Aliwakumbusha kwamba wao ndio waliokuwa mama wa watoto wale tangu mama zao wa damu walipowaacha. Kisha akawaambia kwamba sasa hawakai kama mama tena, bali kama waamuzi. Wakiendelea kuwalea, watoto wataishi. Wakiacha, watoto watakufa bila shaka. Akawaomba kila mmoja atoe neno lake.

Mabibi walikubali kuendelea.

Louise alikufa mwezi wa Machi 1660. Vincent alimfuata mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Miaka kumi baadaye, mwaka 1670, mfalme Louis XIV aliifanya kazi ile kuwa hospitali ya ufalme, nayo ikaendelea. Kanisa lilimtangaza Vincent kuwa mtakatifu mwaka 1737, na Louise mwaka 1934.

7. Watoto wa Afrika

Mashirika mengine yalifuata njia hiyo. Katika Italia Don Bosco, aliyefiwa na baba yake akiwa na umri wa miaka miwili, aliwakusanya vijana maskini wa mji wa Torino. Hakuwapa kitanda na supu tu. Aliandika mapatano na mafundi, ili bwana fundi asimpige kijana wala kumtumia kama mtumwa. Alianzisha shirika la Wasalesiani mwaka 1859. Wasalesiani walifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1911.

Katika Afrika ya mashariki yatima wengi waliletwa na biashara ya watumwa. Wafanyi biashara walichoma vijiji, wakaua wazee, wakachukua watoto. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Bagamoyo, pwani ya bahari ya Hindi, mwaka 1868. Waliwakomboa watoto wa utumwa na kuwafundisha kusoma, kulima na ufundi. Mapadri Weupe walifika ziwa Tanganyika mwaka 1879. Nao waliwakomboa watoto na kuwalea katika misioni za kando ya ziwa.

Mmoja wa watoto waliokombolewa na Mapadri Weupe ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866, upande wa Timbuktu, mbali sana, Afrika ya magharibi. Akiwa mtoto aliibwa, akavushwa jangwa, akauzwa. Mapadri walimkomboa na kumlea, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta asomee uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya ziwa Tanganyika. Akawa mganga na mwalimu wa dini mahali hapo. Hakuondoka tena. Alitibu watu miaka 67, mpaka alipokufa mwaka 1956. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi aliwaponya watu wa nchi nzima.

8. Nyumba zilizopotea njia

Historia ya kweli haifichi makosa. Ziko nyumba za watoto zilizosimamiwa na watawa, nazo zikawaumiza watoto.

Katika nchi ya Kongo, wakati wa mfalme Leopold II, sheria iliwapa wakubwa wa serikali na wa misioni uwezo juu ya watoto yatima na watoto waliokombolewa. Lakini tume ya uchunguzi iliyotoa habari zake mwaka 1905 ilionyesha kwamba wengi wa watoto waliokusanywa katika mashamba ya misioni moja hawakuwa yatima. Walikuwa na jamaa zao. Waliitwa yatima ili wachukuliwe, tena wafanye kazi.

Baadaye, wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika walichukuliwa kwa amri ya serikali, wakawekwa katika misioni. Wasichana watano walipelekwa kwa masista wa Katende, katika Kasai, kabla hawajatimiza miaka 7. Mama zao walikuwa hai, nao walilia. Fujo zilipotokea baada ya uhuru wa mwaka 1960, masista waliondoka, na wasichana wakaachwa bila mlinzi. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha mwaka 2017, na waziri mkuu wa Ubelgiji mwaka 2019. Wale watano, ambao sasa ni bibi wazee, walikwenda mbele ya waamuzi. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels ilisema kwamba kuwachukua hivyo kulikuwa kosa juu ya ubinadamu, ikaiamuru serikali ya Ubelgiji iwalipe.

Katika nchi ya Ireland, kwa miaka mingi, mahakama ziliwapeleka watoto maskini katika shule za kazi zilizosimamiwa na mabruda na masista. Serikali ililipa fedha kwa kila mtoto. Mwaka 2009 tume ya uchunguzi ilitoa habari zake baada ya kazi ya miaka mingi. Watoto walikuwa wamepigwa kupita kiasi. Walilala na njaa. Wengine walitendewa mambo machafu na watu waliopaswa kuwalinda. Mtoto aliyesema hakusadikiwa. Bruda mwenye kosa alihamishwa tu mahali pengine, akakutana na watoto wengine. Wakaguzi walipokuja, mara nyingi wakubwa wa nyumba walikuwa wamejua siku yao mbele.

Kwa nini mambo hayo yalitokea? Si kwa sababu kanuni zilikosekana. Kanuni zilikuwako. Lakini wakubwa waliogopa aibu ya shirika kuliko machozi ya mtoto. Mlango ulifungwa, na hakuna aliyeingia kutazama, kama zamani pale La Couche. Utii ni wema mkubwa, lakini hakuna utii unaomlazimisha mtu kuficha uovu.

Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria inayowalazimisha mapadri na watawa wote kumjulisha mkubwa wa Kanisa wanapojua kwamba mtoto ametendewa mambo machafu. Tena Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kongo iliukubali mwaka 1990, wasema kwamba kila mtoto ana haki ya jina, na haki ya kuwajua na kulelewa na wazazi wake, kadiri inavyowezekana.

9. Nyumba njema hujulikanaje?

Mtu akitaka kujua kama nyumba ya watoto ni njema, asitazame ukuta uliopakwa chokaa wala nyimbo wanazoimba watoto mbele ya wageni. Atazame mambo haya:

Kwanza, watoto waliomo hawana kweli mtu wa kuwalea? Mtoto mwenye bibi, mjomba au shangazi anayeweza kumlea asiondolewe kwao. Kama shida ni unga, ni afadhali kuwapa jamaa unga kuliko kuwanyang'anya mtoto.

Pili, jina la mtoto limeandikwa, pamoja na jina la kijiji chake na la wazazi wake kama wanajulikana? Mtoto aliyepoteza jina la kwao amepoteza njia ya kurudi.

Tatu, wako walezi wa kutosha? Walezi watatu kwa watoto 100 si walezi, ni walinzi wa mlango.

Nne, wageni na wakaguzi huingia siku yo yote, hata bila kutangulia kuarifu?

Tano, mtoto aweza kumwambia mtu mzima taabu yake, bila kuogopa fimbo? Tena, akisema, yuko anayemsikiliza?

Sita, mtoto anafundishwa kazi au masomo yatakayomfaa siku ya kuondoka?

Wahenga walisema: «Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.» Methali hiyo yawahusu wazazi, tena yawahusu watawa. Yezu alisema kwamba anayempokea mtoto mdogo kwa jina lake ampokea yeye mwenyewe. Basi mlango wa nyumba ya watoto ni mlango ambao Yezu mwenyewe huingia, na anayemtesa mtoto ndani yake ajua amemtesa nani.

Maneno magumu

Nadhiri: ahadi anayopewa Mungu.
Mjane: mwanamke aliyefiwa na mume.
Kukomboa: kulipa fedha ili mtumwa apate uhuru.
Mkaguzi: mtu anayetumwa kutazama kama kazi inafanywa vizuri.
Mahakama ya rufani: baraza kubwa linaloamua tena neno lililoamuliwa na baraza dogo.

Maswali

1. Taja nadhiri tatu za mtawa, na ueleze maana ya kila moja.
2. Kwa nini shirika laweza kulea yatima kwa muda mrefu kuliko mtu mmoja?
3. Watoto wa La Couche walikufa kwa sababu gani?
4. Marguerite Naseau alijifunzaje kusoma?
5. Kwa nini watu walitumwa kuwatazama mama wanyonyeshaji vijijini?
6. Louise hakuipenda ngome ya Bicêtre. Kwa nini? Je, alikuwa na haki?
7. Adrien Atiman alitoka wapi, akafanya kazi gani, tena wapi?
8. Wasichana wa Katende walipelekwa kwa masista. Je, walikuwa yatima? Eleza.
9. La Couche ya Paris na shule za kazi za Ireland zinafanana katika jambo gani?

Zoezi

Rafiki yako amefiwa na wazazi wake wawili. Nyumbani kwao wamebaki bibi yake mzee na shangazi yake mwenye watoto wanne. Mtu mmoja asema: «Apelekwe katika nyumba ya yatima.» Mwingine asema: «Abaki kwa bibi, sisi majirani tutasaidia.» Andika mistari kumi. Sema ni shauri lipi linalofaa, na kila mtu wa kijiji afanye nini ili shauri hilo lifanikiwe.